Sabuni Marufuku

Mwanangu Mwajuma,

Salamu naziruka. Asubuhi umenipa shikamoo yangu nami nimekuitikia marahaba, inatosha kwa leo. Sasa ni alasiri, umekwenda Magomeni ya Kilosa kumuaga bibi yako, na kwa ninavyomjua mama yangu hatakuachia mpaka ule ugali mara mbili. Kwa hiyo ninazo saa kama nne za kuwa peke yangu na kalamu. Habari za koti la baridi, za kutunza pasi, za kutokula ovyo na kutokopesha watu usiowajua, baba yako mdogo ameshazisema zote mpaka ukasinzia. Sitazirudia. Mimi nina jambo moja tu, na ninalisema kwa hasira, sikufichi.

Hasira zenyewe zilianza Jumamosi, kwenye sherehe ya kukuaga. Ulisimama mbele ya majirani na watu wa kituo chetu cha matibabu, ukasema unakwenda ng'ambo kusomea damu kwa sababu unataka kuwa kama mama yako, mtu ambaye mkono wake haujawahi kukosea. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa kituo, huyo aliyekuandikia barua ya kukutambulisha kwa wageni wanaokulipia masomo, akatikisa kichwa kwa kuridhika utadhani yeye ndiye aliyekuzaa. Mimi nikainamia sahani yangu ya pilau. Ulidhani nalia kwa furaha, ukaja kunifuta machozi kwa ncha ya kanga yako. Haikuwa furaha, Mwajuma. Nilikuwa natamani kuipindua ile meza.

Ningeweza kumeza hilo pia, maana mimi ni bingwa wa kumeza. Lakini leo asubuhi akaja Bi Tatu.

Wewe Bi Tatu unamjua tangu utoto kama yule mama anayeuzia madereva wa malori vitunguu na ndizi kule barabara kuu, anayetuletea ungo wa karanga na kuku mtetea kila baada ya mavuno. Unajua ni mjane, na kwamba mumewe alifia kituoni kwetu. Hujui zaidi ya hapo. Leo amekuja na kuku wake na ungo wake uleule, karanga amezikaanga kabisa ili ule njiani, akakushika mikono miwili akakwambia, "Mwanangu, huko uendako ukitumwa dawa ya mgonjwa, kimbia. Usisimame hata kumsalimia mtu. Mimi nilichelewa."

Nawe ukamjibu kwa adabu zako, "Nimesikia, mama."

Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai mkononi. Nikamwambia nini? Nikamwambia, "Karibu chai, Bi Tatu." Miaka tisa namsikia akisema alichelewa, na miaka tisa namkaribisha chai. Alipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga teke ndoo, wewe ukauliza mbwa wa nani ameangusha vyombo.

Sasa soma polepole, usiruke mistari kama unavyosoma magazeti.

Mimi nilizaliwa na mkata mkonge. Babu yako alitoka Tabora kuja kwenye mashamba ya Kilosa akiwa kijana, na mpaka anakufa viganja vyake vilikuwa vimejaa makovu ya miiba. Nilisoma kwa sababu mwalimu mmoja aliniona nina kichwa, nikapelekwa mafunzo ya maabara, nikarudi nikapangiwa hapa Mikumi kwenye kile kituo. Kilikuwa vyumba vitatu tu na mti wa mkwaju. Kazi yake ilikuwa kutibu na kuchunguza watu walioumwa na nyoka, maana huku kati ya mbuga na mashamba nyoka hawaulizi mtu anakwenda wapi. Wengine walishughulika na vidonda. Mimi nilipewa damu.

Jambo nililopewa lilikuwa dogo kuliko yote, na ndilo nililolipenda. Sumu ya baadhi ya nyoka inaila ile nguvu ya damu ya kuganda, mtu akaanza kuvuja kwenye fizi, puani, na ndani kusikoonekana. Utajuaje mapema? Unachota damu kidogo, unaitia kwenye kichupa cha kioo kilicho kikavu na safi, unakiacha kimesimama dakika ishirini bila kukigusa. Halafu unakilaza. Damu ikiwa imeshikamana, mtu yuko salama kwa upande huo. Ikimwagika kama chai, sumu imeshaingia kazini na lazima apewe dawa ya nyoka. Hakuna mashine, hakuna umeme. Nimeketi mbele ya vichupa hivyo maisha yangu yote. Ndiyo maana nikaitwa Mama Chupa kabla sijaitwa Mama Mwajuma.

Kumbuka neno hilo, kioo. Damu haigandi yenyewe tu kwenye kichupa. Ule uso wa kioo ndio unaoiamsha. Nilifundishwa hivyo, nikaandika kwenye daftari, nikafaulu mtihani. Nilijua. Nataka ujue kwamba nilijua.

Nilipoanza kazi ilikuwa miaka ya shida. Wewe hukuiona, au uliiona ukiwa mgongoni. Sabuni ilikuwa kitu cha kupanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, unafika dirishani unaambiwa imekwisha, njoo wiki ijayo. Tulifulia majani ya mpapai. Kituoni vichupa tuliviosha kwa maji matupu ya moto na brashi, tukavisuuza, tukavikausha. Mimi niliona aibu. Wageni wakija kutoka Dar nilivificha vile vyenye madoa nyuma ya kabati. Kumbe maji matupu ndiyo yaliyokuwa yakitulinda, na mimi nayaonea haya.

Halafu biashara ikafunguliwa. Ghafla barabara kuu ikajaa vibanda, na vibandani kila kitu, redio, viatu vya mtumba, mafuta ya nywele, na sabuni ya unga kwenye mifuko yenye picha ya nguo zinazong'aa. Mwenzangu, nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Nilinunua mfuko kwa pesa yangu mwenyewe, sikutumwa na mtu. Nikaloweka vichupa vyote vya kituo, nikavisugua mpaka vikawa vinalia chini ya kidole. Nikavipanga juani. Nikamwita Mkuu aje aone. Akasema, "Dada, sasa tumekuwa kama hospitali za wenzetu." Nikatembea siku nzima nimeinua shingo.

Kwa kweli sabuni ya namna ile haitoki yote kwenye kioo hata ukisuuza. Inabaki kama utando usioonekana, na damu ikitiwa humo haiamki. Inakaa maji hata kama mtu ni mzima wa afya. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa. Lilikuwa kwenye karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani, mstari wa chini kabisa, na karatasi hiyo niliisoma mara moja mwaka wa kwanza nikaiona haina maana, kwani sabuni yenyewe ilikuwa wapi? Ni katazo la kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho. Kilipopatikana nilikuwa nimeshalisahau.

Mume wa Bi Tatu aliitwa Athumani. Alikuwa fundi wa matairi pale kwenye maegesho ya malori, mtu wa maneno mengi na utani. Aliumwa kisigino mchana akiwa anakata nyasi nyuma ya kibanda chake. Alikuja kwa miguu yake, Mwajuma. Mguu ulikuwa umevimba kidogo tu kwenye kifundo. Aliketi kwenye benchi akaanza kunitania, akasema nyoka mwenyewe atakuwa amekufa kwa harufu ya soksi. Bi Tatu alikuwa pembeni anamwambia nyamaza, mtaalamu anafanya kazi. Nikamchota damu, nikaitia kwenye kichupa changu kinachong'aa, nikaanza kutazama saa.

Baada ya dakika ishirini nikakilaza. Ikamwagika yote.

Nilikuwa nimemtazama mdomoni, fizi zilikuwa safi. Nilipomchoma sindano, tundu lilifunga mara moja, pamba haikupata hata doa la pili. Damu ile ilikuwa inaniambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba iko sawa, na mimi nikaiamini chupa. Nikaenda kwa Mkuu nikasema, "Haigandi." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejiamini. Mkuu hakuuliza swali, kwa nini aulize, Mama Chupa ndiye amesema.

Dawa ya nyoka inatengenezwa kwa damu ya farasi. Farasi hupewa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake ujifunze kuishinda, kisha kinga hiyo huchukuliwa ikapewa mtu. Inaokoa watu, nimewaona wengi. Lakini mwili wa mtu mwingine ukiona kitu cha farasi kimeingia, unakipiga vita kwa nguvu zote, na vita hivyo vinamwangukia mwenye mwili. Kwa mwenye sumu kweli unabahatisha, maana asipopewa atakufa. Kwa asiye na sumu huna cha kubahatishia. Athumani alipewa. Hazikupita dakika kumi akaanza kujikuna shingoni, midomo ikavimba, akasema, "Mama Chupa, mbona kifua kinabana?" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa.

Mtu akifika hapo kuna sindano moja ya kumrudisha, adrenalini. Kituoni haikuwepo. Kabati lilikuwa tupu, na enzi hizo mpya dawa zilikuwa zimehamia kwenye maduka ya watu, kwa hiyo muuguzi aliandika kikaratasi akampa Bi Tatu akimbie duka la dawa ng'ambo ya barabara kuu. Unaipima akilini? Tulimpa mtu dawa inayoweza kuua kabla hatujashika mkononi ile inayookoa. Mke wa mgonjwa ndiye aliyekuwa kabati letu. Alikimbia pekupeku. Msafara wa malori ulikuwa unapita akasimama kungoja upite, dukani akakuta mtu mbele yake, chenji ikatafutwa. Alirudi ameishika ile chupa ndogo kwa mikono miwili kifuani. Athumani alikuwa amekwisha.

Bi Tatu alianguka sakafuni akasema, "Nimechelewa." Muuguzi akamwinua akamwambia ni mapenzi ya Mungu. Hakuna aliyemwambia hukuchelewa. Wala mimi.

Siku ile niliamini bado kwamba nyoka ndiye aliyemuua na sisi tulishindwa tu kumwokoa. Lakini ile pamba isiyo na doa la pili iliniganda kichwani. Wiki ya pili nikajifungia maabara. Nikajichoma mkono mwenyewe, nikatia damu yangu kwenye kichupa cha sabuni. Dakika ishirini, ikamwagika. Mimi, mzima, niliyekunywa chai asubuhi. Nikaenda nyuma ya kabati nikatoa vile vichupa vya madoa nilivyovionea haya, ambavyo sabuni haijavigusa. Nikatia damu ileile. Ikaganda imara, unakilaza kichupa haitingishiki. Nikarudia siku ya pili, ya tatu, mpaka mishipa ikagoma. Ulikuwa darasa la tatu. Uliniuliza, "Mama, mbona mkono wako una vidoa?" Nikakwambia ni mbu. Huo ndio uongo wa kwanza niliokwambia juu ya jambo hili, na uliniamini, ukaniletea chandarua chako.

Nilikwenda kwa Mkuu. Nataka nimtendee haki, kwa sababu ningependa sana kumbebesha mzigo wote na kukaa kivulini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akashika kichwa. Halafu akafunga mlango akaniambia, "Dada, wageni wanafika wiki ijayo kuangalia kama kituo kinafaa kupewa fedha za utafiti. Tukilisema hili sasa, kituo kinafungwa, na walioumwa na nyoka watakwenda wapi? Athumani hatarudi. Badilisha uoshaji, tuendelee." Akaongeza, "Fikiria mtoto wako."

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika ni la Bi Tatu. Nikatoka ofisini mwake nikabandika karatasi mlangoni pa maabara kwa herufi kubwa, SABUNI MARUFUKU. Watu wa kituo wakacheka, wakasema Mama Chupa ubahili umezidi, hata sabuni ya vichupa anaionea uchungu. Nikacheka nao. Bado ipo pale mlangoni, ulikuwa unaisoma kwa sauti kila ulipokuja kunifuata kazini.

Na si hilo tu. Wagonjwa wote waliopimwa katika miezi ile ya sabuni waliandikwa kwenye taarifa ya utafiti kama watu ambao damu yao iliharibiwa na sumu. Baadhi walikuwa hivyo kweli, wengine hawakuwa, na mimi peke yangu ndiye ambaye ningeweza kusema tarehe gani sabuni iliingia. Wageni walisifu taarifa. Jina langu liliandikwa la pili, baada ya la Mkuu. Nilitia sahihi. Nyumba unayolala ukuta wake umetokana na sahihi ile, na ada yako ya sekondari, na kama nikisema kweli yote, hata hiyo tiketi ya ndege iliyo kwenye sanduku lako.

Hapo mtu angeweza kusema, lakini Mama Chupa baadaye alifanya mengi. Ndiyo, nilifanya. Nilikaa miaka nikichunguza kwa nini mwili wa huyu unapokea dawa ya farasi kwa amani na wa yule unaripuka. Nilihoji, nilipima, niliandika. Nikawashikilia kooni wote pale kituoni mpaka ikawa sheria: hakuna tone la dawa ya nyoka litakaloingia kwa mtu kabla adrenalini haijavutwa kwenye bomba la sindano na kuwekwa kando ya kitanda. Tukaanza kuitoa polepole kwa dripu, na tukaacha kumpa kila mwenye kidonda. Watu wamepona kwa hilo, wako barabarani hapo wanauza nyanya. Mimi siyakatai mema hayo. Ninachokasirikia ni kwamba kila niliposifiwa nilijua somo nililipata wapi, na mwalimu wangu amelala makaburini, na mjane wake ananiletea kuku.

Kuku yule, Mwajuma. Kila mwaka. "Mama Chupa, wewe ulijitahidi, mimi ndiye niliyechelewa." Mwaka wa kwanza nilishindwa kumla, nikasema tumbo linauma. Wewe ulikula paja. Mwaka wa tatu nami nilikuwa namla. Hivyo ndivyo mtu anavyozoea. Haji shetani na mapembe, unakula tu mwaka huu kidogo, mwaka ujao unaongeza mchuzi.

Na unajua desturi yetu, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kila mara nilimrudishia ungo wake na kitu ndani. Sukari, chumvi, majani ya chai, viberiti, mara moja kipande cha kitenge. Sabuni sikuwahi kutia. Mara nyingi niliichukua dukani, nikairudisha rafuni. Muuza duka alidhani nina wazimu wa bei.

Sasa wewe unakwenda kwenye kazi hiihii. Utakuta mashine ambazo mimi nimeziona kwenye picha tu, na utakuta watu wenye akili kukushinda, ujiandae. Sikuombi usikosee. Utakosea, na kama ni kazi ya damu, kosa lako litakuwa na jina na mke. Mimi sina hasira na yule mwanamke wa vichupa vinavyong'aa. Alikuwa mjinga na alikuwa na furaha, basi. Hasira yangu yote ni kwa yule aliyetoka ofisini kwa Mkuu akiwa anajua kila kitu, akaenda kutafuta gundi ya kubandikia karatasi. Mpaka leo nikipita kwenye kile kizingiti nasikia kumpiga kofi.

Na kitu kingine, halafu nimemaliza. Chupa ikikwambia hivi na mtu akawa anakutania habari za soksi, simama umtazame mtu. Mimi nilikuwa na dakika ishirini nzima za kumtazama Athumani, nikazitumia kutazama saa.

Nimefanya mambo mawili leo bila kukuuliza. La kwanza, nimewaandikia wale wageni walioisifu taarifa, ndio haohao wanaokulipia masomo. Nimewaeleza miezi ya sabuni, nimewapa tarehe zote kutoka kwenye daftari langu, nimewaambia ni wagonjwa gani wafutwe kwenye ile taarifa. Nimesema Mkuu alijua na mimi nilijua. Barua nimempa dereva wa basi la mchana aipeleke posta Morogoro, kwa hiyo usisumbuke kuitafuta, imeshaondoka. Huenda wakakunyima masomo. Huenda wakasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ikiwa hivyo utarudi hapa, nami nitakuwa na deni kwako ambalo sijui nitalilipaje, na utakuwa na haki ya kunikasirikia mpaka uchoke. Barua ya Mkuu ya kukutambulisha bado iko kwenye mfuko wa sanduku. Sikuichana, ingawa mkono uliniwasha. Ni yako, amua mwenyewe kama utaionyesha.

La pili ndilo ninalokwenda kulifanya sasa hivi. Jua limeshuka kwenye milima, malori yameanza kuwasha taa, na Bi Tatu anafunga kibanda chake wakati huu. Ukirudi kutoka Kilosa utaikuta barua hii juu ya sanduku na mimi hutanikuta. Karanga zako nimezihamishia kwenye mfuko. Kuku nimemwacha bandani, amefungwa mguu, asichinjwe mpaka Bi Tatu mwenyewe aseme kama bado anatupatia. Ungo nimeuosha. Ndani nimetia kilo ya sukari, na juu ya sukari nimeweka mche wa sabuni.

Nimepanga maneno mchana kutwa na yote yamenitoroka, yamebaki mawili. Nitamwambia kwamba Athumani hakuihitaji ile dawa, kwa hiyo hata angekimbia kama upepo asingekuwa na kitu cha kuwahi. Nitamwambia hakuchelewa. Mengine atauliza yeye, nami nitajibu yote, nimesimama.

Ukisikia kelele upande wa barabara kuu, usije mbio kunitetea. Mwache aseme.

Mimi mama yako,
Zainabu